Kuku wa Waziri Alipata Kumi

Nchi hiyo ilikuwepo, na bado ipo, kwa sababu nchi haiendi popote. Wanaoenda ni watu. Jina lake silitaji. Si kwamba naogopa, hata kidogo! Nimelisahau tu, na kila nikijaribu kulikumbuka tumbo linaniuma. Nanyi mkidhani mnaijua, nyamazeni kama nilivyonyamaza mimi, tuendelee.

Basi Mkuu wa nchi hiyo alialikwa ughaibuni kwenye semina ya siku tatu. Siku ya kwanza alisinzia. Siku ya tatu alikwenda kununua viatu. Siku ya pili, kwa bahati ya wananchi wake, alikuwa macho, na siku hiyo ndipo ilipofundishwa saikolojia chanya. Akaambiwa kwamba mfanyakazi mwenye furaha hufanya kazi ya watu wawili, hachelewi, haugui, wala halalamiki. Hilo la kutolalamika lilimgusa Mkuu mpaka akaomba lirudiwe. Aliporudi nyumbani aliunda Wizara ya Furaha Kazini kabla hajavua vile viatu vipya, na Jumatatu iliyofuata ukatoka Waraka wa Furaha Namba Moja, wenye sentensi moja: "Kuanzia leo watumishi wote wa umma wana furaha."

Watu wakafurahi. Wangefanyaje?

Waraka Namba Mbili ulileta shukrani. Kila asubuhi saa moja na nusu, watumishi wasimame kando ya meza zao, kila mmoja ataje kwa sauti mambo matatu anayoyashukuru, na Afisa Furaha wa ofisi ayaandike. Waraka Namba Tatu ulileta likizo. Atakayeonekana amepungukiwa na furaha asigombezwe wala asikatwe mshahara. Apelekwe kwa upendo kwenye Likizo ya Tabasamu, huko milimani kwenye hewa safi, mpaka furaha yake ipone. Basi la likizo lilikuwa la njano, limechorwa uso unaocheka mbele na nyuma, na lilipita kila Ijumaa saa nane mchana. Waliopanda walipunga mkono. Waliorudi, hapo nisiwadanganye, sijamsikia hata mmoja. Wizara ilisema huo ndio ushahidi wenyewe: mahali ni pazuri mno, nani atake kurudi?

Na aliyeondoka, kiti chake kiliondolewa siku hiyohiyo ili kisiwatie wenzake simanzi.

*

Katika Idara ya Vipimo na Mizani alikuwepo mkaguzi mmoja, Bi Tunu Shebuge, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mwenye mkoba mkubwa na moyo mdogo. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kuzunguka masokoni akikagua mizani za wauza nyama na wauza maharage. Aliziwekea mawe ya serikali, na ile iliyosema kweli akaipiga muhuri. Akiwa kazini hakuwa mwoga. Muuza nyama mwenye panga mkononi angemfokea mpaka mate yamruke, naye angeendelea kupanga mawe yake. Lakini mbali na mizani, lo! Aliogopa barua, aliogopa simu, aliogopa mlango uliofungwa taratibu. Na tangu basi la njano lianze kuja, aliuogopa hata uso wake mwenyewe. Kila baada ya nusu saa alitoa kioo mkobani akaangalia kama pembe za mdomo zimeshuka.

Meza ya dirishani ilikuwa ya Kaka Masumbuko. Ndiye aliyemfundisha Tunu kazi, kuanzia kushika jiwe la kilo bila kulitia jasho hadi kumtambua muuzaji aliyegandisha sumaku chini ya sahani. Mkewe alikuwa amefariki mwezi wa nne. Nyumbani akabaki yeye na mama yake, kikongwe wa miaka themanini na saba asiyeinuka kitandani, na kila mchana Masumbuko alitembea kwenda kumgeuza na kumnywesha uji, kisha akarudi kazini. Hakulalamika. Kosa lake lilikuwa moja: hakutabasamu.

Tena alikuwa na jina baya. Wazee wa nchi ile walikuwa na desturi ya kumpa mtoto jina la hali iliyomkuta anazaliwa, kama ni njaa, kama ni msiba, kama baba yuko jela. Wizara ilipopekua majalada ilikuta akina Shida sitini na mmoja, akina Mashaka mia moja na wanne, na akina Tabu wasio na idadi, wote wanalipwa na serikali yenye furaha. Ukatoka Waraka Namba Nne, na Masumbuko akawa Bwana Burudani.

"Miaka hamsini na minane nimeitikia lile la kwanza," alisema. "Hili la pili mkiniita mnivumilie, nitachelewa kugeuka."

Watu walitazama chini wasionekane wamecheka. Kicheko kilikuwa na saa zake, kuanzia nne na robo hadi nne na dakika ishirini.

Sasa njooni muone asubuhi moja. Saa moja na nusu, wote wamesimama. Afisa Furaha aliitwa Bwana Nuhu Tegemea, pande la mtu anayenukia karafuu, mwenye sauti laini kama anambembeleza mtoto alale. Sauti ile ilimtisha Tunu kuliko panga la muuza nyama.

"Naishukuru feni yetu," alisema karani wa masjala, "haitupigii kelele." Feni ilikuwa mbovu mwaka wa tatu huo.

"Nalishukuru paa," alisema mwingine, "linatuonyesha mawingu."

"Nakishukuru kiti changu," alisema Tunu, "naishukuru meza yangu, na namshukuru Afisa Furaha." Alisema hayohayo kila siku, akibadilisha sifa za meza.

"Bwana Burudani?"

Hakugeuka mtu. Tunu akakanyaga sakafu taratibu, naye Masumbuko akageuka.

"Nashukuru nimeamka," akasema.

"Vizuri sana. La pili?"

"Mama naye ameamka."

"La tatu?"

"La tatu bado nalitafuta."

Afisa Furaha akaandika. Mambo mawili mafupi aliyaandika mistari sita, na Tunu alihesabu kila mstari huku jasho likimteremka mgongoni.

Lakini lililomuumiza zaidi lilikuwa jambo dogo. Mnajua salamu za watu wa kule: ukiulizwa habari, hata kama nyumba inaungua, kwanza unajibu nzuri. Ndipo unavuta pumzi, unasema "ila," na hapo ndipo habari yenyewe inapoanza. Ndivyo walivyolelewa, wasimtupie mtu msiba usoni kabla hajajiandaa. Wizara ikagundua kwamba huzuni yote ya taifa inapitia hapo. Waraka Namba Tano ukaamuru kila salamu iishie kwenye "nzuri", na atakayeendelea atahesabiwa ameomba likizo.

Asubuhi ya Jumatatu moja Tunu alimkuta Masumbuko ngazini. "Habari za nyumbani, kaka?"

"Nzuri, mdogo wangu," akajibu, "ila mama jana jioni..."

Tunu akakohoa. Alikohoa kwa nguvu kama mgonjwa wa kifua, mkono mdomoni, macho yakimtoka, kwa sababu juu ya ngazi alikuwa ameona viatu vya Bwana Tegemea. Masumbuko akamtazama mpaka akamaliza. Kisha akampisha apite. Kilichompata mama jana jioni Tunu hakukijua, na aliona aibu kutwa nzima.

*

Jumatatu hiyohiyo kikaletwa Kipimafuraha, kwa majaribio, kama katika ofisi nyingine zote za serikali.

Kilikuwa mizani kubwa ya kusimama, ya kijani, yenye vishikio viwili vya chuma vinavyoning'inia kwa nyaya ndefu, na uso wa saa wenye mshale, sifuri hadi kumi. Chini palichorwa nyayo mbili uweke miguu. Unapanda, unashika vishikio, mshale unatikisika, unatulia, na furaha yako imejulikana. Saba kwenda juu ni mtumishi bora. Chini ya nne ni likizo. Na zoezi lingerudiwa kila Ijumaa, kwa sababu furaha ya wiki jana imekwisha muda wake.

Watumishi walijipanga. Wa kwanza alipata nane. Wa pili, aliyekuwa anasoma dua chini kwa chini, alipata tisa. Karani wa masjala alipata nane na nusu, akashuka akiwa amelowa kwapa zote mbili. Tunu alipofikiwa hakuona uso wa mashine wala wa mtu. Aliona basi tu, la njano, limefungua mlango. Miguu ilitetemeka juu ya zile nyayo, mikono ikatetemeka kwenye vishikio, meno yakagongana mdomoni.

"Tisa na robo tatu!" akatangaza Bwana Tegemea. "Bi Tunu, kumbe una furaha namna hii na ulikuwa unatuficha!"

Makofi. Tunu alishuka asijue ashike wapi.

Akapanda Masumbuko. Alisimama kama mtu anayesubiri chai ichemke. Hakusoma dua, hakukaza macho. Mshale ukainuka kidogo, ukafikiri, ukalala kwenye mbili.

Chumba kizima kikasogea nyuma hatua moja.

"Bwana Burudani," alisema Afisa Furaha, kwa upole wa kutisha, "hongera. Umechaguliwa. Ijumaa saa nane."

"Na mama yangu nani atamgeuza?"

"Wizara imelifikiria hilo."

"Imefikiria nini?"

"Imelifikiria," akasema Bwana Tegemea, akafunga daftari.

Na kila mmoja mle ndani alijua maana yake, kwa sababu ulikuwepo pia Waraka Namba Sita: aliyekwenda nyumbani kwa mtu aliye likizoni alihesabiwa kuwa amemkumbuka, na kumkumbuka mtu ilikuwa dalili ya kupungukiwa na furaha. Masumbuko akipanda lile basi, kikongwe yule angelala upande uleule mpaka mwisho.

Mchana Mkurugenzi wa idara akamwita Tunu ofisini. Mheshimiwa Waziri mwenyewe, Profesa Tumsifu, angekuja siku hiyo ya Ijumaa kuzindua Kipimafuraha kitaifa. Ilikuwepo sheria ya zamani, iliyosahauliwa na wote isipokuwa mwanasheria mmoja asiye na kazi, kwamba mizani yoyote nchini isitumike kabla ya kupigwa muhuri na mkaguzi. Ingependeza kwenye televisheni. Na mkaguzi mwenye alama za juu kuliko wote ni nani?

"Mimi," alisema Tunu, akashika ukingo wa meza.

*

Alhamisi saa tisa alasiri, watu walipokuwa mbele wakipamba jukwaa, Masumbuko alimkuta Tunu uani amekaa kando ya mashine na muhuri mapajani.

"Umeshaipima?"

"Kaka, wamesema nipige muhuri tu."

"Utaipiga muhuri mizani usiyoipima? Mimi nilikufundisha hivyo?"

Basi hapo ndipo walipokosea. Mtu mwingine angepiga muhuri akaenda zake, lakini hao walikuwa watu wa mizani, na mtu wa mizani akiona mshale haulali mpaka aujaribu. Wakaleta mawe ya serikali. Kilo ishirini: sifuri. Kilo hamsini: sifuri.

"Ni haki," alisema Masumbuko. "Chuma hakina furaha. Tafuta mzigo wenye roho."

Mzigo wenye roho ulikuwepo. Karibu na jiko, Mama Kuruthumu, mpishi wa sherehe, alikuwa amefunga miguu jogoo sita wa pilau ya Waziri na amekwishaanza na wa kwanza. Wakamwomba wa pili. Mama Kuruthumu akawaona wendawazimu, akawapa.

Wakamweka jogoo juu ya nyayo, miguu imefungwa, wakavishusha vishikio vyote viwili mpaka vikagusa mabawa. Kutoka pale alimwona mpishi vizuri, akamwona na mwenzake kwenye beseni, akakiona na kisu. Mshale ukaruka. Tano, saba, tisa, kumi! Ukagota pale mwisho ukabaki unatetemeka.

Tunu na Masumbuko wakatazamana.

"Mfungue," alisema Masumbuko.

Wakamfungua palepale, vishikio vikimgusa bado, wakamgeuza asione jiko, wakammwagia punje za mchele. Jogoo akadonoa. Akajikung'uta manyoya, akadonoa tena. Mshale ukashuka polepole, ukapita tano, ukapita tatu, ukatulia kwenye moja.

Walirudia mara tatu, kama kanuni inavyotaka, na mara zote tatu jibu lilikuwa lilelile.

Tunu akakumbuka kwapa za karani, dua, meno yake mwenyewe. Taifa zima lilikuwa linapata tisa.

Masumbuko akaanza kucheka. Tangu mwezi wa nne hajacheka, sasa alicheka mpaka akashika ukuta. "Kumbe! Nami nilidhani nina huzuni inayoonekana! Mimi nimeishiwa woga tu, Tunu. Siku niliyomfukia mke wangu niliuacha kulekule."

"Kaka, usicheke, watatusikia!"

"Wacha wasikie."

"Kesho nikiwaambia je?"

"Ukiwaambia, basi lina viti vingi." Akajifuta machozi ya kicheko, akawa mpole. "Piga muhuri, mdogo wangu. Nakuomba jambo moja. Mama. Uji mwepesi asubuhi na mchana, na umgeuzie upande wa ukutani, upande wa mlangoni una kidonda."

Tunu alitaka kusema ndiyo. Wallahi alitaka. Ulimi ukagoma. Alisimama pale akishika muhuri, akiuona Waraka Namba Sita mbele ya macho yake, mpaka Masumbuko akamgusa bega na kuondoka bila kusubiri jibu.

*

Ijumaa saa sita Waziri alifika na magari tisa. Basi la njano lilikuwa limekwisha kuegeshwa kivulini, na ndani ya geti, kwenye kiti cha plastiki, Masumbuko alikaa na kibegi chake miguuni, ametulia.

"Ndugu watumishi!" alinguruma Waziri. "Hapo zamani tulipima maharage. Tulipima nyama. Tulipima mafuta ya taa. Nauliza: tuliwahi kujiuliza furaha ya mwananchi ina uzito gani? Hatukujiuliza! Wakoloni walituficha!" Makofi. "Leo, kwa maono ya Mkuu wetu, wastani wa furaha ya taifa ni tisa nukta nne. Jirani zetu wana wastani gani? Hawana! Hawana hata mizani!" Makofi mpaka viganja vikauma, maana hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuacha.

Tunu akaitwa mbele. Alitembea akihesabu hatua asianguke. Alishika muhuri juu ya kibati cha shaba kilichobandikwa kwenye mashine, kamera zikamsogelea, na hapo mkono ukakataa kushuka. Ulikuwa mkono wa miaka kumi na tisa, haujapata kuipiga muhuri mizani inayosema uongo.

"Mheshimiwa," akasikia kisauti, kumbe chake, "sheria... sheria inataka mizani ipimwe kwanza, mbele ya mashahidi."

Mkurugenzi akafumba macho. Lakini Waziri aliona kamera, akacheka kwa sauti kubwa. "Huyu ndiye mtumishi! Na apimwe nani kama si mimi?" Akavua koti, akapanda, akashika vishikio.

Mshale ukainuka. Ukafika moja na nusu. Ukalala.

Jamani! Bwana Tegemea, kwa mazoea, alikuwa amekwisha kutoa kalamu na kuandika herufi ya kwanza ya jina la Waziri. Alipotambua anafanya nini akaitia kalamu mdomoni. Waziri aliutazama mshale kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha asiyoijua. Alikuwa ndiye mtu pekee uwanjani pale, ukimtoa Masumbuko, asiyemwogopa mtu. Na Tunu, kwa muda wa pumzi mbili, alithubutu kutumaini.

Ndipo simu ikalia. Msaidizi akaja mbio akiishika kwa mikono miwili. "Mheshimiwa, ni Mkuu. Anakuangalia kwenye televisheni."

Waziri akaachia kishikio kimoja, akaweka simu sikioni. "Ndiyo, Mkuu," akasema. "Ndiyo, Mkuu. Hapana, Mkuu. Ndiyo, Mkuu." Hakuna aliyejua anaambiwa nini, lakini wote waliuona mshale. Ulipanda nne, sita, tisa. Jasho likamtiririka Waziri hadi kwenye tai. Mshale ukafika kumi, ukagota.

Uwanja ukalipuka. Watu walirukaruka, wakakumbatiana. Sauti ya Mkuu peke yake imemtoa Waziri moja na nusu hadi kumi! Ushahidi gani tena?

"Piga muhuri," alisema Waziri, akishuka.

Tunu akapiga. Nisimfichie aibu: alipiga, na muhuri ukakaa sawasawa.

Waziri, roho ikiwa imeanza kumrudia, akataka jambo la kufungia sherehe. "Wale wa likizo wako wapi? Wapimwe tena, wananchi waone huzuni ilivyo."

Alikuwepo mmoja. Masumbuko akainuka kwenye kiti cha plastiki, akaacha kibegi, akaja bila haraka. Mkaguzi ndiye wa kumsimamisha vizuri kwenye nyayo, kwa hiyo Tunu akamshika kiwiko. Mkono wa kaka ulikuwa mkavu, wa joto, haukutetemeka hata chembe. Tunu akajua itakuwa mbili. Akamwona kikongwe kitandani, upande wenye kidonda, anasikiliza mlango.

Na akajua afanye nini, akajichukia kabla hajalifanya.

Aliinama kama anamrekebishia miguu, kisha akainuka, mdomo karibu na sikio lake. "Kaka, nimeiona orodha," akanong'ona. "Mama yumo. Ukipanda basi, linapitia nyumbani kumchukua. Wanao wengi kule wa umri wake. Wanawalaza sakafuni."

Ulikuwa uongo mtupu, kila neno.

Rangi ilimtoka Masumbuko usoni kuanzia midomoni. Macho yake, yaliyokuwa yametulia tangu mwezi wa nne, yakaanza kukimbia, yakatazama basi, yakatazama geti, yakatazama njia ya kwao. Kiwiko kikaanza kutetemeka mkononi mwa Tunu. Aliushika woga wake ukirudi, akausikia kwa vidole vyake mwenyewe.

"Shika vishikio, kaka," akasema kwa sauti ya kawaida.

Akashika. Tisa.

"Mnaona!" Waziri alipaza sauti hewani. "Juzi mbili, leo tisa, na wala hajafika milimani! Ameponywa na kuliona basi tu!" Wakamvisha Masumbuko shada la maua. Alipokea makofi ya nchi nzima huku taya zikimcheza.

Basi haliruhusiwi kuondoka tupu. Bwana Tegemea akazungusha macho, akamwona dereva wa Mkurugenzi ameshika tama pembeni akingoja pilau, akampandisha huyo.

*

Jumatatu, baada ya shukrani, Masumbuko alikuja hadi meza ya Tunu. Hakuwa amelala tangu Ijumaa, ilionekana. Alikuwa amehamishia kitanda cha mama chumba cha ndani na kukizuia kwa kabati, akaweka komeo la pili mlangoni, akamfundisha mama asikohoe gari likipita. Haya yote aliyasema haraka, kwa sauti ya chini, akigeuka kutazama mlango kila neno la tatu. Kisha akainamia meza.

"Tunu. Ile orodha. Uliiona kweli, kwa macho yako?"

Huyu ndiye aliyemfundisha kazi. Tunu hakuwahi kumdanganya kwa miaka kumi na tisa, hata kwa gramu moja. Neno moja tu lingetosha, na uso ule ungetulia, na usiku angelala. Na Ijumaa angepanda juu ya zile nyayo, ametulia, na mshale ungelala kwenye mbili. Na Ijumaa ingekuja kila wiki.

Tunu akatoa kioo mkobani, akajitazama, akakirudisha.

"Niliiona, kaka," akasema. "Kwa macho yangu."

Masumbuko akaitikia kwa kichwa mara nyingi, mara nyingi mno. "Asante kuniambia," akasema. Akachukua kofia yake akashuka ngazi, na kutoka dirishani Tunu alimwona, mtu mzima wa miaka hamsini na minane, akikimbia njia ya nyumbani kumwangalia mama, na ilikuwa saa mbili asubuhi tu.